Adui anapomfunika steringi: uanze na Joker, Killmonger, Osborn, Toomes, Thanos au Wenwu?

Steringi hafi. Kila anayekaa kutazama filamu ya mashujaa analijua hilo kabla taa hazijazimwa, na hapo ndipo mwigizaji wa adui anapopata mwanya. Shujaa sharti abaki hai, abaki mwema, abaki na sura inayofaa kubandikwa kwenye bango la filamu ijayo. Adui hana mzigo huo. Anaweza kuchekesha, kutisha, kulia na kufa, yote ndani ya saa mbili, na akiifanya kazi yake sawasawa watu watatoka wakiiga sauti yake yeye.

Ila kufunika hakufanani. Yupo adui anayemfunika shujaa mpaka filamu inapooza kila anapotoka kwenye skrini, na yupo anayemfunika huku akimlazimisha shujaa naye aigize vizuri zaidi. Ukitaka kuchagua cha kutazama, tofauti hiyo ina uzito kuliko orodha yoyote ya maadui kumi bora. Hapa wamewekwa sita bega kwa bega. Mwisho wa filamu hizi haufichuliwi, isipokuwa kidogo kwenye Black Panther, ambako hoja haikamiliki bila huo mwisho.

Kwa nini adui huanza akiwa mbele

Sababu ya kwanza imo kwenye hadithi yenyewe. Adui ndiye mwenye haja: anataka kiti cha enzi, mawe yenye nguvu, fedha, kisasi. Anapanga, anatenda, mambo yanabadilika. Shujaa anakimbilia pale ambapo moto umeshawaka. Mwigizaji mwenye jambo analolitaka ana cha kuigiza kila sekunde. Anayengoja kujibu hana, labda mwandishi amtafutie.

Ya pili ni uso. Kinyago cha Batman huacha macho, mdomo na kidevu tu. Cha Spider-Man hakiachi chochote. Mwigizaji wa shujaa hubaki na sauti na mabega, na akikutana na adui mwenye uso wazi, macho ya mtazamaji hayana pa kwenda ila kwa adui.

Ya tatu ni uchache. Heath Ledger anaonekana kwa takribani nusu saa katika filamu ya dakika 152. Kila akija, anakuja na jambo. Hakuna anayemwona akipiga mswaki au akibembelezana na mchumba. Mizigo hiyo yote ya maisha ya kawaida humwangukia shujaa.

Kuna na sababu ya kibiashara, ya zamani kidogo. Superman ya 1978 ilimpa kazi Christopher Reeve, ambaye hakuwa na jina, kisha ikamzungushia majina makubwa: Marlon Brando, na Gene Hackman aliyecheza adui Lex Luthor, wote waliandikwa kabla yake. Batman ya 1989 ikafanya vivyo hivyo: jina la Jack Nicholson limetangulia la Michael Keaton, ingawa Keaton ndiye mwenye jina la filamu. Pale kufunika kulikuwa kwenye mkataba kabla kamera haijawashwa.

| Adui | Mwigizaji | Filamu, mwaka | Dakika | Uso wake |
|---|---|---|---|---|
| Joker | Heath Ledger | The Dark Knight, 2008 | 152 | wazi, umepakwa rangi |
| Killmonger | Michael B. Jordan | Black Panther, 2018 | 134 | wazi karibu wakati wote |
| Norman Osborn | Willem Dafoe | Spider-Man, 2002 | 121 | mara wazi, mara ndani ya kofia ngumu |
| Adrian Toomes | Michael Keaton | Spider-Man: Homecoming, 2017 | 133 | wazi akiwa chini, umefunikwa akiruka |
| Thanos | Josh Brolin | Avengers: Infinity War, 2018 | 149 | wa kompyuta, juu ya uigizaji wake |
| Wenwu | Tony Leung | Shang-Chi and the Legend of the Ten Rings, 2021 | 132 | wazi |

Joker na Killmonger: mmoja hana historia, mwingine ni historia tupu

Hawa wawili ndio hutajwa zaidi, na kuwalinganisha kunafaa kwa sababu wamefika mahali pamoja kwa njia zinazopingana.

Ledger hakuiachia rangi imfanyie kazi. Ilipakwa huku amekunja uso, ikaingia kwenye mikunjo na kuacha nyufa, hivyo kila anaposogeza shavu inaonekana kama inabanduka. Makovu ya pembeni mwa midomo huyalamba bila kukoma, kama mtu mwenye kidonda kisichopona. Sauti yake inapanda na kushuka ndani ya sentensi moja. Mabega yameinama, kichwa kimetangulia mwili. Ni vitu vidogo vidogo, lakini vyote vinavuta upande mmoja: huwezi kukisia mtu huyu atafanya nini sekunde ijayo.

Waandishi walimsaidia kwa kumnyima. Joker anasimulia asili ya makovu yake mara mbili, na simulizi hizo hazilingani. Hana jina, hana kwao, hana utoto wenye machungu wa kutufanya tumhurumie. Muziki nao umemkalia vizuri: Hans Zimmer alimpa noti ya selo inayokwaruza na kupanda polepole, inayoanza kusikika kabla hajaonekana. Kwa spika ya simu noti hiyo hupotea kabisa. Vaa hedifoni.

Tukio la kupimia ni lile la mahojiano kituo cha polisi. Linaanza gizani, Joker akiwa na Gordon, ofisa wa polisi. Gordon anatoka, taa zinawaka, na Batman yuko nyuma ya Joker. Kuanzia hapo Batman ana nguvu zote za mwili na hana hata moja ya kumfaa: anampiga, Joker anacheka. Tazama jinsi Christian Bale, mwigizaji wa Batman, anavyoanza kwa utulivu, kisha anabana mlango kwa kiti, kisha sauti inamtoka. Watu humcheka Bale kwa ile sauti ya kukwaruza, na kwenye matukio mengine wana haki. Hapa inafanya kazi, kwa kuwa tunamsikia mtu anayepoteza udhibiti wa kitu pekee alichojivunia. Hakufunikwa kwa uhafifu. Alipewa kazi ya kujizuia mbele ya mtu asiyejizuia, na kazi hiyo siku zote huonekana ndogo.

Kando kidogo: ile hadithi kwamba bomu la hospitali liligoma na Ledger akabuni palepale, usiibebe. Jengo lililolipuliwa lilikuwa kiwanda cha zamani cha peremende cha Brach mjini Chicago, lililipuliwa kweli, na jengo la namna hiyo halilipuliwi mara mbili. Ule mtuo ulipangwa. Kumsifu kwa kubuni ni kumpunja. Kilicho kigumu ni kufanya jambo lililofanyiwa mazoezi lionekane limetokea kwa bahati.

Ledger alifariki Januari 2008, filamu ikatoka Julai, na Oscar ya mwigizaji msaidizi bora ikatolewa kwa jina lake Februari 2009. Kifo hicho kimeweka kivuli juu ya kila maoni kuhusu uigizaji huu. Ukiitazama leo, jaribu kukiweka pembeni; kazi inasimama yenyewe.

Sasa Killmonger. Michael B. Jordan hana rangi wala kilema cha kujifichia. Silaha yake ni namna anavyochukua nafasi. Kwenye jumba la makumbusho, mapema katika filamu, amesimama mbele ya kioo cha vinyago, miwani usoni, anamuuliza mtaalamu maswali ya adabu huku akijua majibu kuliko yeye. Sauti haijapanda hata kidogo. Halafu anapoingizwa kwenye baraza la Wakanda, nchi ya kubuni ya Black Panther, akiwa na pingu, wazee wameketi kwa heshima zao zote, yeye anatembea kama kijana wa mtaani Oakland, Marekani, anaongea Kiingereza cha Oakland, na anapoulizwa yeye nani analitaja jina lake na la baba yake kwa Kixhosa, lugha ya Wakanda kwenye filamu. Kubadili lugha katikati ya tukio ndiyo hoja yake nzima: mimi ni wenu, nanyi mliniacha. Kwa sababu hiyo usiitazame filamu hii ikiwa imewekewa sauti za lugha nyingine. Tafuta yenye sauti asilia na maandishi ya tafsiri chini ya skrini.

Kisha lipo tukio moja fupi linalofunika filamu yote: Killmonger anakwenda kwa wahenga na kujikuta ndani ya chumba cha utotoni, mbele ya baba yake, aliyechezwa na Sterling K. Brown. Wahariri wanambadilisha kati ya mtoto na mtu mzima. T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, alipokwenda kwa wahenga alikuta mbuga pana na mababu wengi. Huyu amekuta fleti moja na mtu mmoja.

Udhaifu wa Black Panther uko kwenye pambano la mwisho, wahusika wawili ndani ya mavazi meusi ya kompyuta, wakipigana ndani ya handaki. Nyuso zinapotea, na pamoja nazo kila kilichojengwa kwa saa mbili. Zinapofunuliwa tena, filamu inarudi. Lakini angalia alichofanya Chadwick Boseman, mwigizaji wa T'Challa: T'Challa anagombana na baba yake mwenyewe kwa sababu ya Killmonger, na mwishoni anaifungulia dunia milango ya nchi yake. Adui ameshindwa pambano, hoja yake imebaki na sehemu yake imetekelezwa. Kwenye The Dark Knight hakuna kinachofanana na hicho. Batman hakubaliani na Joker hata kwa neno moja.

Kwa uigizaji mtupu, wa mwili na sauti, Ledger yuko juu. Kwa adui anayemlazimisha shujaa abadilike, Jordan. Ukiwa na usiku mmoja tu na hujaona hata moja, chukua The Dark Knight. Ukitazama na watu wanaopenda kubishana baada ya filamu, chukua Black Panther, na ujiandae kulala usiku wa manane.

Osborn na Toomes: somo la kinyago

Spider-Man ya 2002 ni kama maabara. Mwigizaji mmoja, Willem Dafoe, ana uso unaoweza kufanya kazi tano kwa wakati mmoja, na watengenezaji wakaufungia ndani ya kofia ya kijani isiyosogea hata mdomo. Kwenye tukio la juu ya paa, Goblin, yaani Osborn ndani ya kofia, anapomshawishi Spider-Man waungane, vinyago viwili vigumu vinatazamana. Sauti za waigizaji zinajitahidi, vichwa vinatikiswa kuonyesha nani anaongea, na hakuna zaidi. Linganisha na tukio la kioo nyumbani kwa Osborn: hakuna kofia, hakuna athari za kompyuta, Dafoe peke yake akijibizana na taswira yake, akibadilisha nyusi, pumzi na urefu wa shingo. Filamu ileile, mhusika yuleyule. Kilichobadilika ni uso kuwa wazi.

Watengenezaji wa baadaye walilielewa hilo. Dafoe aliporudi kwenye Spider-Man: No Way Home mwaka 2021, kofia inavunjwa mapema, na kilichobaki anafanya kwa sura yake. Anatisha zaidi, ingawa miaka 19 imepita.

Michael Keaton kwenye Homecoming ni kinyume cha Dafoe: hapandishi chochote. Toomes ni fundi wa kuondoa vifusi aliyenyang'anywa kandarasi na serikali, anataka kulisha familia yake na kulipa vijana wake. Tukio la kwenye gari ndilo la kutazama. Anaendesha, Peter, yaani Spider-Man bila kinyago, amekaa nyuma, na Keaton anafikiri kwa dakika kadhaa mbele ya kamera. Ni hilo tu. Taa ya barabarani inageuka kijani, mwanga unamwangukia usoni, gari haliondoki. Tom Holland, anayemcheza Peter, naye hana kinyago, kwa hiyo tunapata kitu adimu kwenye filamu hizi: nyuso mbili wazi, hakuna ngumi, na hofu tele. Hapo adui anamfunika shujaa na kumwinua kwa pamoja. Kwamba ni Keaton yuleyule aliyefunikwa na Nicholson miaka 28 kabla, hilo nalo lina utamu wake.

Kasoro ya Homecoming ni mapambano ya angani, usiku, Keaton akiwa ndani ya kofia yenye macho ya taa. Yangeweza kuchezwa na yeyote.

Thanos na Wenwu

Thanos anafunika kwa muundo wa hadithi kuliko kwa kitu kingine. Ndiye mwenye dakika nyingi kuliko mhusika mwingine yeyote katika Infinity War, ndiye mwenye safari, ndiye anayelipa gharama, na maandishi ya mwisho yanasema Thanos ndiye atakayerudi. Josh Brolin aliigiza mwenyewe akiwa na kamera ndogo mbele ya uso, kisha mafundi wa Digital Domain na Weta Digital wakauhamishia uso ule kwenye lile jitu la zambarau. Kinachofanya ifaulu ni kwamba Brolin hapigi kelele. Anaongea kama mzee aliyechoka kueleza jambo lililo wazi. Tatizo la kuichagua: ni filamu ya 19 katika mfululizo wa Marvel, na mtu asiyewajua mashujaa hatahisi uzito wa wanachopoteza. Usimwanzishie mgeni hapo. Na usitegemee Thanos wa Endgame, filamu iliyofuata, awe yuleyule. Pale amebaki jemadari wa vita, haja yake imefifia.

Wenwu ndiye anayesahaulika kwenye mijadala hii, na si haki. Tony Leung, mshindi wa tuzo ya mwigizaji bora Cannes mwaka 2000, anacheza mtu aliyeishi miaka elfu moja na bado hajajua kuomboleza. Hucheza kwa kusikiliza. Mtu akimwambia jambo, yeye hulinyamazia kidogo kabla ya kulijibu, na katika kunyamaza huko Simu Liu, shujaa wa filamu, anaanza kuonekana mtoto hata asipopewa maneno ya kitoto. Sehemu kubwa ya mazungumzo yao ni Kichina, kwa hiyo hapa pia tumia sauti asilia. Sehemu ya mwisho inawaachia majoka ya kompyuta uwanja, na Leung anapotea humo. Ni hasara kubwa.

Mahali mpango unapoharibika

Kumwajiri mwigizaji mkubwa hakutoshi. Oscar Isaac alizikwa chini ya ngozi bandia na vazi zito kwenye X-Men: Apocalypse (2016) mpaka usingemtambua, na kama hutambulikani huwezi kumfunika mtu. Christopher Eccleston kwenye Thor: The Dark World (2013) alipewa vipodozi vizito na lugha ya kubuni, hakubaki na chombo hata kimoja. Tom Hardy, adui wa Batman, alivaa kifaa kilichoziba mdomo kwenye The Dark Knight Rises (2012), na sehemu ya mwanzo ilipoonyeshwa Desemba 2011 watu walilalamika hawamsikii. Sauti ikaongezwa, lakini bado ukimsikiliza unahisi anaongea kutoka chumba kingine. Hata hivyo Hardy aliokoa mengi kwa macho na mikono.

Kosa jingine ni muda na wingi. Spider-Man 3 ya 2007 ina maadui watatu, hakuna aliyeiva. Na Thor: Love and Thunder ya 2022 ina Christian Bale, safari hii upande wa adui, akifungua filamu kwa tukio zito jangwani, kisha hadithi inakimbilia vichekesho na kumwacha akirandaranda pembezoni kama mgeni wa karamu asiyejua mwenyeji.

Vipi Joker ya 2019? Joaquin Phoenix alishinda Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2020, lakini haimo kwenye ulinganisho huu kwa sababu rahisi: hakuna shujaa wa kufunikwa. Ni filamu ya mtu mmoja.

Jinsi ya kujipimia mwenyewe

Baada ya kuchagua, rudia tukio moja ambalo adui na shujaa wako pamoja bila kupigana, au kabla ngumi hazijaanza. Mara ya kwanza zima sauti na umtazame adui kwa dakika mbili: kama bado unaelewa anachotaka, uigizaji uko mwilini na hautegemei maneno makali ya mwandishi. Mara ya pili washa sauti, umtazame shujaa peke yake, hata adui anapoongea. Ukiona uso wa shujaa unabadilika kwa sababu ya alichoambiwa, hapo wote wawili wanafanya kazi. Ukiona anangoja zamu yake, amefunikwa, na filamu pamoja naye.

Kwa The Dark Knight tumia mahojiano. Kwa Black Panther, baraza. Kwa Homecoming, gari. Infinity War ina mazungumzo ya Thanos na Gamora, binti aliyemlea, ndani ya chombo chake. Shang-Chi ina chakula cha familia mezani, ambapo Wenwu anafanya mzaha kuhusu jina alilopachikwa na hakuna anayethubutu kucheka. Spider-Man ya 2002 nayo ina meza yake: shangazi May anauona mkono wa Peter unatoka damu, Peter anatoa uongo wa haraka, na uso wa Osborn, bila kofia, unaelewa kabla ya kila mtu pale ndani.